Uzi: Kompyuta kali ya gemu hapa Mombasa, pesa iende wapi na izuiwe wapi

Bamburi_B7

Wadau, salaam. Naomba muikosoe orodha hii kabla pesa haijatoka. Duka limeniandikia jumla ya shilingi 430,000. Mwisho wangu ni 350,000, skrini ikiwa ndani. Gemu ni mchanganyiko: Counter-Strike 2, mpira, na zile nzito kama Cyberpunk 2077. Hakuna kuhariri video wala kazi ya 3D.

- Prosesa: Ryzen 9 9950X3D
- Madabodi: X870E
- RAM: DDR5 GB 64, vijiti vinne vya GB 16
- Kadi ya michoro: RTX 5070 ya GB 12
- Kipoozi cha maji, mm 360
- SSD: Gen5, TB 2
- Pawasaplai: wati 1000, jina halijaandikwa
- Kasha la vioo, mbele na ubavuni, feni za taa
- Skrini: inchi 27, 1440p, Hz 180

Nipunguze wapi bila kuharibu?

FundiKibokoni

Orodha imesimama kwa kichwa. Prosesa ina bei kuliko kadi ya michoro, na kwenye gemu mambo huwa kinyume. 9950X3D ilitoka Machi 2025 kwa dola 699. RTX 5070 ilitoka mwezi huohuo kwa dola 549. Hiyo ni prosesa ya mtu anayehariri video mchana na kucheza usiku. Wewe umeshasema huna kazi hiyo.

Anza na skrini, ndiyo inayoamua kadi. 1440p ni kama pikseli milioni 3.7, 4K ni milioni 8.3. Ukishatulia kwenye 1440p, kadi ya kusukuma 4K ni pesa iliyolala. Huo mstari wa skrini uache ulivyo, ni wa pekee ambao duka halikukosea.

Sasa prosesa. 9950X3D ina viini 16 katika vipande viwili vya vinane vinane, na kache kubwa ya ziada (kumbukumbu ya kasi ndani ya prosesa) imewekwa kwenye kipande kimoja tu. Ukifungua gemu, Windows na dereva za AMD huisukuma kazi kwenye kipande hicho, kile cha pili kinalala. Umelipia viini 16, unachezea vinane. Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi.

Chukua 7800X3D ya 2023 au 9800X3D ya Novemba 2024. Zote ni viini vinane na kache ya L3 ya MB 96. Kwenye Counter-Strike kwa picha za chini utaona 9800X3D ikitangulia. Kwenye gemu nzito kwa 1440p kadi ndiyo inayobana, hutatofautisha kwa macho. Ile itakayopatikana kwa nafuu ndiyo yako. Pesa ikikaza zaidi, Ryzen 5 7600 bado inaendesha kadi ya daraja hili, na inakuja na feni yake ndani ya boksi. Baadaye unabadili prosesa peke yake, kwa sababu AMD wamesema wataendelea na soketi ya AM5 (pale prosesa inapokaa) hadi 2027 na kuendelea.

Tena usishawishike na Core i7 au i9 ya kizazi cha 13 au 14 iliyotumika kwa sababu ya bei. Zilikuwa na tatizo la volteji kupanda kupita kiasi na kuichakaza prosesa taratibu. Intel walitoa marekebisho ya BIOS (programu ya ndani ya madabodi) mwaka 2024 na kuongeza miaka miwili ya waranti, lakini marekebisho hayaponyi prosesa ambayo tayari imechakaa, na hujui mwenzako aliiendesha vipi.

HesabuTudor

Mimi naongeza upande wa kadi, maana hapo ndipo watu huumia.

Kwa 1440p ya juu kuna kadi mbili za kufikiria: RX 9070 XT (GB 16, wati 304, bei ya kutangazwa dola 599) na RTX 5070 Ti (GB 16, wati 300, dola 749). Kwenye gemu za kawaida zinafuatana kwa karibu. Kwenye Cyberpunk ukiwasha ufuatiliaji kamili wa mwanga (path tracing), 5070 Ti inaiacha 9070 XT mbali. Ukiwa huwashi, hizo dola 150 za ziada zinanunua nini? Karibu hakuna.

5070 uliyoandikiwa si mbaya, ila GB 12 ni chache kwa mtambo unaotaka udumu miaka minne au mitano. VRAM (kumbukumbu ya kadi) ikijaa, wastani wa fremu unaweza kuonekana mzuri huku picha zikikwamakwama, au picha za kuta na sura za watu zinabaki na ukungu. Hilo hurekebishi kwa prosesa yoyote.

5080 je? Dola 999, na inaipita 5070 Ti kwa kama asilimia 15 tu, GB zikiwa zilezile 16. Theluthi ya bei zaidi kwa asilimia 15 ya fremu. Mimi hapo nafunga mkoba.

Namna ya kujua kama duka linakukamua: chukua bei ya kutangazwa, zidisha kwa kiwango cha dola (tangu katikati ya 2024 kimekaa kwenye 129 hivi), ongeza VAT asilimia 16. 9070 XT: 599 × 129 = 77,271. Na VAT, 89,634. Juu yake kuna usafiri, ada ya tamko la uagizaji, ada ya reli na faida ya muuzaji. Kwa hiyo 105,000 hadi 110,000 ni bei ya mtu muungwana. Akikutajia 140,000, ulizia Nairobi kabla hujajibu. Ila mjue bei za kutangazwa zenyewe zinakimbiwa na soko tangu mwisho wa 2025, kwa sababu ya chipu za kumbukumbu kupanda bei.

Bamburi_B7

Ahsanteni. Hapo kwenye RAM: muuzaji anasema vijiti vinne ni bora kwa sababu madabodi ina nafasi nne. Na je, GB 64 si salama zaidi kwa miaka ijayo?

FundiKibokoni

Nafasi nne zipo, lakini kidhibiti cha RAM kiko ndani ya prosesa na hakivipendi vijiti vinne. Kwa AM5, vijiti viwili vya DDR5-6000 vinakwenda bila shida. Ukiweka vinne, kasi ambayo AMD wanaihakikishia ni 3600 tu. Waweza kulazimisha zaidi, kisha mashine ikaanza kujizima katikati ya mechi ukalaumu kadi.

Kwa hiyo: vijiti viwili vya GB 16, DDR5-6000, CL30 (kipimo cha ucheleweshaji), vyenye EXPO (mpangilio wa kasi uliohifadhiwa ndani ya RAM), vya pakiti moja. Usinunue kimoja leo na kimoja mwezi ujao hata kama jina ni lilelile, maana chipu za ndani hubadilika. Chomeka nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, kisha ingia BIOS uwashe EXPO. Usipowasha, RAM ya 6000 itatembea kwa 4800 na hakuna atakayekwambia.

GB 64 kwa gemu pekee si usalama, ni mzigo. Tangu mwisho wa 2025 RAM imepanda vibaya kwa sababu viwanda vimegeukia sava za akili mnemba. Micron mpaka wametangaza kuiacha Crucial, chapa yao ya wanunuzi wa kawaida. GB 32 zinatosha gemu za sasa, na nusu ya pili ya bei hiyo inakupandisha daraja la kadi.

SSD nayo ishushe. Gen5 na Gen4 (vizazi vya kasi ya SSD) kwenye kufungua gemu hutofautiana kwa muda usioutambua, na Gen5 inachemka. Kuna jambo jingine: kwenye baadhi ya madabodi za X870E, ukijaza nafasi fulani ya Gen5 ya M.2 (pa kuchomeka SSD), kadi ya michoro inashuka kutoka njia 16 za data hadi 8. Chukua Gen4 ya TB 2 yenye chipu za TLC: SN850X, 990 Pro, KC3000 au NM790. Epuka modeli ambazo mtengenezaji hataji chipu ni za aina gani.

Madabodi: B650 au B850 yenye vipoza joto juu ya vidhibiti vya umeme. X870E inakupa USB4 na nafasi nyingi za M.2. Fremu haikuongezei hata moja.

DadaWaStima

Nyote mmeruka mstari hatari kuliko yote: "wati 1000, jina halijaandikwa". Pawasaplai isiyo na jina ni mahali pa duka kurudisha faida yake. Wati za kwenye karatasi hazina maana kama hujui zimepimwa kwa joto gani. Nyingine hupimwa kwa nyuzi 40, nyingine 50. Mombasa mwezi wa Februari, ndani ya kasha, 40 inafikiwa mchana. Tafuta ya 50.

Piga hesabu. 9070 XT wati 304, 7800X3D ikicheza ni kama 60 hadi 80, vingine vyote 60. Jumla haifiki 450. Pawasaplai ya wati 750 hadi 850, Gold (daraja la ufanisi), ATX 3.1 (kiwango cha pawasaplai), ya kampuni inayotoa waranti ya miaka saba au kumi, inatosha na kubaki.

Waya zake:

Kadi yenye plagi za pini 8, kila plagi ipewe waya wake kutoka kwenye pawasaplai. Usitumie ule waya mmoja wenye vichwa viwili kwa kadi ya wati 300. Plagi moja imepangiwa wati 150, na kadi huruka juu ya kiwango kwa sehemu za sekunde.

Kadi yenye plagi ndogo ya 12V-2x6, isukume mpaka usione mwanya kabisa, na usiipinde karibu na kichwa. Acha kama sm 3.5 iliyonyooka. Zilizoyeyuka, nyingi hazikuingia mpaka mwisho. Kasha jembamba linaloubana waya kwa kioo cha ubavuni ni sababu nyingine.

Usichanganye kamwe waya za pawasaplai mbili tofauti, hata kama zinaingia. Upande wa kadi ni sanifu, upande wa pawasaplai kila kampuni hupanga pini zake inavyotaka. Hivyo ndivyo SSD na diski huungua zote kwa mpigo.

Halafu stima yenyewe. Kuna vitu viwili watu huvichanganya. AVS hukata umeme ukipanda au ukishuka mno, na stima ikirudi husubiri kidogo kabla ya kuachia. Haina betri. UPS ina betri. Kwa mtambo huu tafuta UPS ya VA 1500 inayotoa walau wati 900, maana VA si wati: nyingi za VA 1000 hutoa 600 tu. Na iwe ile iliyoandikwa pure sine wave kwenye boksi. Za bei rahisi hutoa wimbi la ngazi, na pawasaplai nzuri za kisasa zinaweza kulikataa: stima inapotea, UPS inalia, kompyuta inazima palepale. Mtu anafikiri betri imekufa, kumbe ni wimbi.

UPS usiifiche nyuma ya meza kwenye joto. Betri za risasi hupoteza kama nusu ya umri kwa kila nyuzi 10 juu ya 25.

Mwisho, ukigusa kasha ukahisi kama kuchezewa na sisimizi kwenye kidole, ardhi ya soketi haipo au imekatika. Ni kawaida kwenye nyumba za zamani. Mwite fundi wa umeme apime soketi kabla hujawasha chochote. Ekstensheni ya mia tatu haileti ardhi ambayo ukutani hamna.

Kizingo_Bahari

Dada kamaliza upande wa umeme. Mimi nalitetea kidogo lile boksi la maji. Hapa si Nairobi, joto ni jingi. Kipoozi cha maji cha 360 si ndicho kinachofaa pwani?

FundiKibokoni

Hapana, ndugu yangu. Maji hayapozi chini ya joto la chumba. Kipoozi chochote, cha feni au cha maji, hufanya kazi ya kupunguza tofauti kati ya prosesa na hewa inayoingia. Wanaopima mitandaoni hukaa vyumba vya nyuzi 21 hadi 23. Chumba cha Mombasa wakati wa kaskazi kikiwa 32, ongeza kumi kwenye kila namba unayoisoma, kwa maji na kwa feni sawasawa.

7800X3D inacheza gemu kwa wati 60 hadi 80. Peerless Assassin 120 SE, mnara wa feni mbili wa dola 35 hivi, unaimudu hata kwa nyuzi 32. Kikomo cha 7800X3D ni nyuzi 89, cha 9800X3D ni 95. Ukiona 75 hadi 80 mchana wa Machi bila AC, usitishike. Kipoozi cha maji kina pampu inayokufa, na ikifa huna pa kununulia nyingine jioni hiyo. Feni ya mm 120 utaipata mjini.

Pa kuweka pesa ni kasha. Kioo mbele ni ukuta: kadi ya wati 304 inapumulia joto lake yenyewe. Tafuta lenye wavu mbele, kama Lancool 216 ambalo linakuja na feni mbili kubwa za mm 160 mbele na moja ya 140 nyuma. Feni ziingize hewa kuliko zinavyotoa, ili vumbi lipite kwenye chujio badala ya kwenye mianya.

DadaWaStima

Na joto hilo haliishi ndani ya kasha. Wati 450 hadi 500 zinazotoka ukutani zinaishia chumbani mwako zote. Saa nne za gemu ni kama uniti 2 za tokeni, bila AC. Punguza kikomo cha umeme cha kadi kwa asilimia 10 kwenye programu ya dereva: fremu hushuka kidogo sana, feni zinatulia, na chumba unakihisi.

LikoniMashariki

Chumvi, jamani. Mmeisahau chumvi.

Nyumba ikitazama bahari, hewa inaleta chumvi na unyevu. Vikikutana na vumbi juu ya ubao vinakuwa utando unaovuta maji na kupitisha umeme. Dalili ya kwanza ni skrubu na bati la nyuma la kadi kuota kutu. Ya pili ni RAM kutosomeka mpaka uitoe na kuirudisha. Kwa hiyo:

Mtambo usikae mbele ya dirisha la upande wa bahari, wala sakafuni.

Chujio lioshwe kila wiki mbili, likauke kabisa kabla ya kurudi.

Kila miezi sita toa kadi na RAM, futa dhahabu ya pini kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 na kitambaa kisichoacha nyuzi. Spiriti ya dawa ina maji, iache.

Hatari ya AC ni hii: chumba kimepoa, umezima AC na mashine, umefungua madirisha. Hewa ya unyevu inakutana na chuma baridi, matone yanajitengeneza. Acha madirisha yamefungwa ili chumba kipate joto polepole, au subiri kabla ya kuwasha tena. Ndivyo hivyo kwa boksi lililotoka kwenye gari lenye AC: lifungue baada ya saa moja au mbili.

Bamburi_B7

Kununua hapa au kuagiza Nairobi kwa basi? Baadhi ya vitu Moi Avenue havipo.

HesabuTudor

Vidogo agiza bila hofu: prosesa, RAM, SSD. Kadi ije kwenye boksi lake la kiwandani. Ambacho usikubali ni mtambo uliokwisha kuunganishwa kusafirishwa kadi ikiwa imechomekwa. Kadi ya daraja hili ina kilo moja na zaidi, na kilomita karibu 480 za matuta zinaweza kuvunja nafasi ya PCIe (inapochomekwa kadi) au kupasua ubao. Waitoe, uichomeke mwenyewe. Skrini na kasha la kioo afadhali ununulie hapa, hata kwa elfu mbili tatu zaidi.

Kabla ya kusaini mzigo wa basi Mwembe Tayari, au dukani kabla ya kulipa:

Namba ya mfululizo (serial) kwenye boksi la kadi iwe sawa na ya kwenye kadi yenyewe.

Prosesa iwe ya boksi. Zile zinazouzwa kwenye kifuko, waranti yake ni ya muuzaji, hupati ile miaka mitatu ya AMD.

Madabodi: fungua kifuniko cha soketi, angalia pini kwa tochi ya simu kutoka pembeni. AM5 ina pini kwenye ubao, si kwenye prosesa. Pini moja iliyolala na umeshaondoka, ni yako. Kifuniko cha plastiki kitunze, madai ya waranti bila hicho mara nyingi hukataliwa.

Uliza BIOS ya ubao ni toleo gani. B650 ya zamani haitaitambua 9800X3D mpaka isasishwe. Ubao wenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa unakuokoa hapo. Hata kwa 7800X3D sasisha: Aprili 2023 baadhi ziliungua kwa volteji ya SoC (sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha RAM) iliyozidi, na BIOS zilizofuata zikaifunga kwenye volti 1.3.

FundiKibokoni

Na siku ya kuwasha mara ya kwanza, tulieni. AM5 hujifunza RAM yake kwanza: skrini nyeusi dakika kadhaa, feni zinazunguka, taa ya DRAM inawaka. Watu huzima na kuwasha, huchomoa, hurudisha ubao dukani. Ipe dakika kumi. Ukiwasha EXPO itajifunza tena.

Kabla ya kufunga kipoozi, bandua plastiki iliyo chini yake. Naandika hili kila uzi na kila uzi kuna mtu anayerudi na nyuzi 95.

Kisha jaribu kabla siku za kurudisha hazijaisha: MemTest86 (ya kupima RAM) mizunguko minne, OCCT saa moja kwa kadi, HWiNFO (ya kusoma joto) ikiwa wazi pembeni. Kosa hata moja la RAM ni kosa.

Bamburi_B7

Nimeipanga upya: 7800X3D, B850, GB 32 za 6000 CL30, RX 9070 XT, Peerless Assassin, SSD Gen4 TB 2, pawasaplai ya 850 Gold, Lancool 216, skrini ileile. Duka la pili limenipa 318,000. Inayobaki naipeleka kwenye UPS.

DadaWaStima

Sawa kabisa. Omba jina kamili na modeli ya pawasaplai kwenye risiti, si "850W Gold" peke yake, wasije wakabadilisha siku ya kuchukua.

HesabuTudor

Na modeli ya kadi pia. 9070 XT nyingine zina urefu wa kupita mm 330 na unene wa nafasi tatu na nusu. Linganisha na kasha kabla. Kebo ya DisplayPort ichomeke kwenye kadi, si kwenye madabodi, kisha ingia mipangilio ya skrini kwenye Windows uweke Hz 180. Yenyewe huenda ikaanza kwa 60.